Chai Mahali pa Spiriti

Mliokosa toleo la wiki iliyopita ni shauri yenu, lakini mhariri amenibembeleza, kwa hiyo nitawarudisha nyuma kidogo tu.

Mimi ni Msasa. Wazazi walinipa jina zuri zaidi, ila hili ni la karakana, na nililipata kwa ulimi, si kwa mikono. Kazi yangu ni kupiga polishi samani kwa mkono: makabati, viti, na meza za watu wanaopenda kujitazama sura wakati wanakula.

Niliifanya kazi hiyo kwa raha zangu mpaka Meneja alipokwenda semina akarudi na mashine ya kupima ulevi. Kimashine chenyewe ni kama kipande cha sabuni. Alinipulizisha palepale kwenye benchi langu, kikalia, na kabla hakijanyamaza nilikuwa nje ya geti na aproni yangu kifuani, maseremala wote wameacha misumeno wananitazama.

Ulevi kazini! Mimi ambaye pombe naijua kwa harufu ya mume tu.

Na huyo mume, tuliyekwisha kuachana naye, habari ilimfikia kabla mimi sijafika nyumbani. Alikuja jioni ileile akamchukua binti yetu na begi lake la shule, akampeleka kwa mama yake yeye, bibi wa mtoto. "Siwezi kumwacha mtoto wangu alelewe na mlevi," akasema. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamume niliyewahi kumfungulia mlango nikamkuta anajaribu kuingiza ufunguo kwenye bawaba.

Akaniwekea sharti. Siku watakaposema sikunywa, mtoto atarudi. Wasiposema, nimsahau.

Basi hapo ndipo tulipoishia. Wengi mmeniandikia. Kuna aliyenishauri nimsamehe Meneja ili roho yangu itulie. Roho yangu haina tatizo, asante. Kuna aliyeuliza kama natafuta mchumba. Huyo ndiye wa kupimwa.

Sasa tuendelee.

Siku ya usuluhishi nilifika ofisi ya kazi mapema, nikamkuta katibu wetu wa chama cha wafanyakazi amekaa kwenye benchi la nje, amekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Huyu katibu sisi tunamwita Ndiyo Mzee. Tangu achaguliwe hajawahi kusema neno jingine mbele ya Meneja. Ada yangu ya chama ndiyo inayomnunulia mkoba ule.

"Dada Msasa," akaninong'oneza, "leo usiseme mengi. Sema jambo moja tu, kwamba hukusikilizwa. Hukuelezwa kosa, hukupewa muda wa kujitetea, hukuambiwa uje na mtu wa kukusemea. Tukae hapohapo, hatutoki."

"Na ulevi je?"

"Achana na ulevi. Hata kama ungekuwa umelewa chakari, umelala chini unaimba, ilikuwa haki yako usikilizwe kwanza ndipo ufukuzwe."

"Hata kama ningekuwa nimelewa?"

"Ni mfano tu, dada."

"Mfano kautolee kwa mama yako."

Akanywea. Lakini hakuacha. Akaniambia watu wengi wenye haki zao wamezipoteza kwa kutaka kuonyesha wao ni werevu. Nikamtazama kuanzia viatu mpaka upara. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuitikia ananifundisha mimi kuongea!

"Katibu, sitaki kusikilizwa," nikamwambia. "Nataka kuaminiwa. Kaa utazame."

Maana nilikuwa na silaha yangu, na ni lazima niwaeleze ili mnielewe.

Sisi wa polishi ya mkono tunatumia kitu tunachokiita bonge. Ni pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa, inayolowekwa polishi na spiriti. Bonge likiwa kavu, linakwaruza. Likiwa bichi kupita kiasi, linaunguza kazi yote ya nyuma, meza inatoka mabaka kama ina ukurutu. Sasa utajuaje limekolea sawasawa? Vidole haviwezi kukuambia, vimekwisha kuwa sugu. Unaligusisha kwenye midomo. Likikupa baridi kali, bado bichi. Likikupa kibaridi cha kupita tu, anza kazi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na siku nzima bonge linakwenda midomoni na kurudi mezani.

Sasa mtu wa namna hiyo umwekee mashine ya kunusa pombe mdomoni wakati hata hajajifuta. Ulitegemea ilie nini?

Siku ile nilijaribu kumweleza Meneja, lakini yeye ni wa semina. Nikaapa kwamba safari hii nitamwonyesha mbele ya serikali. Nitagusisha bonge, nitapuliza, mashine italia, kisha nitasukutua, nitakaa kidogo, nitapuliza tena, mashine itakaa kimya. Mchezo umekwisha, mtoto wangu arudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba getini nilikuwa sikanyagi. Kwa hiyo bonge langu na chupa ya polishi ilibidi niletewe na Pamba.

Pamba ni mdogo wangu wa kazi. Maseremala wengine wote siku hizi wanapuliza rangi kwa pampu. Kwenye polishi ya mkono tumebaki mimi na yeye, benchi kwa benchi. Nilimfundisha mimi, kila kitu, mpaka la midomo. Tunamwita Pamba kwa sababu hajawahi kumwudhi mtu. Mimi nakwaruza, yeye anafuta, na watu walikuwa wanatucheka kwa hilo.

Alifika anahema, anatafuna tangawizi kama kawaida yake, akanipa mfuko.

"Chukua, dada. Mimi narudi, Meneja akiniona hapa nimekwisha."

"Nenda, mdogo wangu. Wewe peke yako ndiye mwenye utu mahali pale."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningeweza kuyarudisha maneno hayo ningeyarudisha.

Tuliingia. Chumba kilikuwa na meza moja iliyopakwa vanishi kwa brashi, na brashi ilikuwa imeacha nywele zake humohumo. Nikaidharau ofisi nzima kabla sijakaa. Nyuma ya meza alikuwapo mama msuluhishi, miwani puani, sauti ya kubembeleza mtoto alale. Upande wa pili Meneja, ndani ya suti ya kuolea, kimashine chake amekiweka mbele yake kwenye leso safi.

"Mama, karibu ueleze," msuluhishi akasema.

Ndiyo Mzee akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga zaidi.

"Mimi sielezi," nikasema. "Mimi naonyesha."

Nikatoa bonge, nikatoa chupa. Nikaeleza habari ya midomo, na nikiri kwamba nilieleza kwa madaha. Nilimwita Meneja mtu asiyejua tofauti ya mti na ubao. Nilisema semina yake hata mbuzi angefaulu. Msuluhishi akaandika kitu, sijui alikuwa anaandika nini.

"Bwana Meneja, una pingamizi?"

"Hata kidogo," Meneja akasema, meno nje. "Apulize mpaka achoke."

Nikamimina bila hata kunusa, nikaliminya bonge, nikaliinua midomoni.

Jamani.

Haikuja baridi kali. Haikuja ya kupita. Haikuja baridi yoyote. Ilikuja ladha ninayoijua tangu utotoni, na haikuwa ya polishi. Ilikuwa chai. Chai ya rangi, iliyochemshwa ikaiva mpaka ikafanana kabisa na polishi yetu, haina hata sukari.

Meneja alikuwa tayari amenisogezea mashine. Nikapuliza, maana mdomo ulikuwa umekwisha kutangulia akili. Kimashine kikatafakari, kikaonyesha sifuri.

"Hii ni chai!" nikapiga kelele.

Meneja alicheka mpaka tai ikamkaba. "Mama msuluhishi, umesikia? Siku ile ilikuwa spiriti, leo ni chai. Wiki ijayo atatuambia maziwa."

Msuluhishi akaichukua chupa, akainusa. "Ni chai kweli," akasema. "Nani ameileta?"

Hapo ndipo ningesema Pamba. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kusema Pamba ni kusema kwamba mimi, Msasa, ninayewacheka wote, nimechezewa na mtoto niliyemfundisha kushika kitambaa. Mbele ya Meneja? Bora ningemeza chupa.

"Nimeileta mimi," nikasema.

Ndiyo Mzee akafumba macho.

Nilijua nimekwisha. Nilianza kumwona binti yangu kwa bibi yake, amekaa kwenye lile kochi lisiloruhusiwa kukaliwa, anafundishwa kunisahau. Machozi yalikuja, nikayakaripia yakarudi.

"Bwana Meneja," msuluhishi akasema kwa sauti ileile ya kubembeleza, "tuiache chai. Siku ile mashine ilipolia, ulifanya nini?"

"Nilimtoa getini."

"Kabla ya kumtoa?"

"Nilimwambia atoke."

"Ulimwuliza kama alikunywa?"

Meneja akacheka tena, ila safari hii alicheka peke yake. "Mlevi anaulizwa, mama? Mlevi anajua anachojibu?"

"Ulimwambia kwamba anaweza kuja na mwenzake wa kumsemea?"

"Mwenzake alikuwa palepale, anapiga polishi zake."

"Na kama hakuridhika, ulimwambia anaweza kumlalamikia nani juu yako?"

"Juu yangu yuko mwenye karakana, na mwenye karakana ni shemeji yangu. Tulikwisha kuongea kwenye simu, akasema sawa."

Msuluhishi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nimewahi kuona fundi akipima ubao mara ya mwisho kabla ya kuukata. Alikuwa anamtazama Meneja hivyohivyo.

"Kwa hiyo hukumweleza kosa lake rasmi, hukumpa muda, hukumsikiliza, na wa kupokea rufaa yake mlikwisha kuelewana naye kwenye simu."

"Lakini alikuwa amelewa!"

"Inawezekana. Hata aliyelewa kweli anasikilizwa kwanza, bwana. Kufukuza kunakuja mwisho. Wewe umeanzia mwisho."

Akamwambia kwamba akitaka shauri liende mbele, aende, lakini kwa jinsi alivyojieleza mwenyewe hana mguu wa kusimamia. Au anirudishe kwenye ajira leo hii, kisha nisikilizwe upya kazini, nikiwa na mtu wangu, na mashahidi waulizwe maswali. Na kama ni kupima, wasipime mtu mmoja. Wapimwe wote wanaoshika spiriti, wasukutue kwanza, wakalishwe, ndipo wapulize.

Meneja akatoka kumpigia shemeji yake. Alirudi amenywea, suti imekuwa kubwa. Akakubali.

Ndiyo Mzee alinigusa kwa kiwiko, anatabasamu kama bwana harusi. Yote aliyoyasema benchini ndiyo yaliyoniokoa. Sijawahi kudhalilika hivyo. Kuokolewa na Ndiyo Mzee ni sawa na kuvushwa barabara na kuku.

Lakini nilikuwa na swali moja.

"Mama, kwa hiyo mimi sikunywa?"

"Hilo sijui," msuluhishi akasema. "Nimesema hukutendewa haki. Kama ulikunywa au hukunywa, watalijua huko watakapokusikiliza."

Mnaona? Nimeshinda kesi, nimebaki mlevi.

Nje kwenye korido baba wa mwanangu alikuwa ananisubiri, ameegemea ukuta, anatafuna peremende nyingi kwa pamoja. Sote tunajua peremende za asubuhi zinafanya kazi gani.

"Nimeshinda," nikamwambia. "Nimerudishwa, kesho niko kazini. Mlete mtoto."

"Wamesema hukunywa?"

"Wamesema sikusikilizwa."

"Sikukuuliza hilo, mama. Nakuuliza, wamesema hukunywa?"

Nikaanza kuzihesabu peremende zake.

"Basi atabaki kwa bibi yake," akasema, akaondoka zake, akikwepa kizingiti kwa uangalifu wa mtu anayeona vizingiti viwili.

Nilitamani kumrushia kiatu. Nilikivua kabisa. Kisha nikakivaa, kwa sababu kulikuwa na kiumbe mwingine aliyekistahili zaidi.

Pamba hakuwa amerudi kazini. Nilimkuta nyuma ya jengo lilelile, kwenye bomba la maji, amechuchumaa ananawa uso. Aliponiona akainuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Chai, Pamba?"

"Dada, usipige kelele, watu wanatazama."

"Watazame! Nimekufundisha kazi, nimekugawia chakula changu, leo unaniletea chai niinywe mbele ya Meneja? Amekupa nini? Amekupa benchi langu?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Basi ni uchawi au ni wazimu?"

Akaanza kulia. Pamba akilia huwa halii kwa sauti, anatetemeka tu, na mkono wake ukaingia mfukoni ukatoa kipande cha tangawizi. Nikamtazama akikitia mdomoni. Nilikuwa nimekizoea kile kitendo miaka nenda rudi, nikidhani kifua chake ni kibovu.

Nikamsogelea. Nikanusa.

Sasa mjue kwamba chumba chetu kinanuka spiriti kutwa nzima, ukuta unanuka, nywele zetu zinanuka. Mle ndani hata ungeoga pombe nisingejua. Lakini pale bombani hewa ilikuwa safi, na ile harufu haikuwa ya polishi.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu mume wangu afariki."

"Kila siku?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Dada, siku ile Meneja hakuja kwa ajili yako. Nilipishana naye mlangoni asubuhi, akanitazama vibaya. Akaenda kuleta mashine. Wewe ulikuwa karibu na mlango, ukaanza wewe. Mimi nilikuwa wa pili. Ilipolia kwako akafurahi, akasahau kuendelea."

Nikakaa juu ya ukingo wa bomba. Maji yakanilowesha sketi, sikujali.

"Na chai?"

"Ukishinda kwa habari ya midomo, watasema basi tuwapime vizuri. Tusukutue, tukae, tupulize. Wewe utatoka sifuri." Akafuta kamasi kwa kiganja. "Mimi sitatoka sifuri, dada."

Na kweli, msuluhishi alikwisha kusema hivyohivyo, neno kwa neno, huku mtoto wa watu akitetemeka nje.

Mnafikiri nilimhurumia? Nilimdharau. Nilimwambia ni mwoga, ni mnafiki, anakunywa kama mwanamume na analia kama paka. Nilimwambia marehemu mumewe angefufuka angekufa tena. Alisimama anapokea tu, hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana huwezi kumpiga mtu anayekugeuzia shavu.

"Nahitaji mtu wa kwenda kusema kwamba sisi tunagusisha bonge midomoni," nikasema mwishowe. "Duniani mnaojua mko wawili, mimi na wewe. Utakuja?"

"Nikija watanipima."

"Basi usije."

"Na wewe utasemaje?"

"Nitasema ya kwangu. Sitakutaja. Lakini usinisalimie tena."

Alitaka kuushika mkono wangu, nikauondoa. Nilikwenda zangu nikiwa nimelowa nyuma kama mtu aliyejikojolea, najisifu kwamba dunia nzima ni takataka isipokuwa mimi.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Ni ofisini kwa mwenye karakana, juu ya duka la kuonyeshea samani. Meza yake nilimpigia mimi polishi. Ukiinama unaona nywele za pua zako. Juu yake walikuwa wameweka kile kimashine, na glasi ya maji ya kusukutulia. Walikuwa wamejifunza.

Nilikuwa bado nje ya mlango simu ilipoita. Ni binti yangu, kwa simu ya bibi yake.

"Mama, leo ndiyo leo?"

"Ndiyo leo. Panga nguo zako."

"Nimewaambia hukunywa. Nimewaambia wote, mpaka shangazi."

"Vizuri sana."

"Ila bibi anasema mashine haiwezi kulia bure. Anasema nikuulize." Nikamsikia anavuta pumzi, kama anayesoma ubaoni. "Mama, kama si wewe uliyekunywa, ni nani?"

Nyuma yake nilisikia mama mkwe akisema, "Ngoja ajibu, usikate."

Nikakata mimi.

Nikaingia. Mwenye karakana mbele, Meneja kulia kwake, Ndiyo Mzee pembeni yangu, mkoba magotini. Nilielezwa kosa langu, safari hii kwa heshima zote. Nikaulizwa kama nimekuja na mtu wa kunisemea mbali na katibu. Nikasema hapana.

Nikaeleza habari ya bonge, polepole, bila kumtukana mtu. Mjue ilivyoniuma. Mwenye karakana alinisikiliza, akaigusa meza yake kwa kidole, akaniambia kwamba jambo hilo angependa alisikie kwa mtu mwingine wa polishi.

"Yupo," Meneja akasema. "Kampuni ina shahidi."

Akaufungua mlango wa pembeni.

Pamba akaingia. Kitambaa kipya kichwani, macho sakafuni, shavu moja limevimba tangawizi. Meneja alimvutia kiti mwenyewe, akaiondoa mashine mbele yake akaisogeza upande wangu. Nikaelewa biashara yao papo hapo. Shahidi wa kampuni hapimwi.

"Mnafanya kazi pamoja?" mwenye karakana akamwuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Haya mambo ya kugusisha midomoni, mnayafanya?"

Pamba akaitazama glasi ya maji.

"Sijawahi kuyaona, mzee."

"Na huyu mwenzako, umewahi kumwona anakunywa kazini?"

Sauti yake ilitoka ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya, hakuna asiyeisikia. "Ndiyo, mzee. Nimemwona."

Meneja akajiegemeza kwenye kiti. Mimi damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Kumbe nilimfichia siri mtu aliyekuwa njiani kuja kuniuza!

Ndiyo Mzee akakohoa. Kisha, wasomaji wangu, akasimama. Mkoba umedondoka, lakini akasimama.

"Hapana, mzee," akasema, na Meneja akageuka kama aliyesikia kiti kikiongea. "Kabla hamjaandika hilo. Dada ana haki ya kumwuliza shahidi maswali."

Mwenye karakana akawaza, akakubali kwa kichwa. "Kweli. Msasa, una swali?"

Nilikuwa nalo moja. Nilikuwa nimelipokea kwa simu ya binti yangu punde tu nje ya mlango, na begi la nguo lilikuwa linapangwa kwa kulitegemea. Hata kumwuliza kulikuwa kazi ya ziada. Ilitosha niombe ile glasi isogezwe mbele yake, aiteme ile tangawizi, asukutue, akae, apulize.

Pamba akainua macho kwa mara ya kwanza. Alijua swali ni lipi.

"Uliza," mwenye karakana akasema.

Nikasimama. Na ulimi wangu, uliokwaruza kila mtu tangu nipate meno, ukawa mzito mdomoni.